Ukucha Mmoja kwa Kila Kiungo

Sogeeni, wanangu, na wewe Nekoye mama yao, kalia hilo sanduku la vyombo, halitavunjika, nililitengeneza mwenyewe. Haya nitakayowaambia sikuhadithiwa na mtu wala sikuyaokota kwenye kilabu cha pombe; niliyaona yote kwa macho yangu haya mawili, tangu la kwanza hadi la mwisho. Nasimiyu, usitazame dari. Najua unasema moyoni, "Baba ameanza." Ndiyo nimeanza, binti yangu, na mara hii sina pumzi ya kuanza tena, kwa hiyo nivumilieni mpaka niishe.

Mimi Nicodemus, mnayeniona hapa Bondeni nimelala kama gunia lililomwagwa mahindi, nilikuwa fundi wa magurudumu ambaye hajatokea mwingine kati ya Eldoret na Naivasha. Gurudumu langu moja lilichomoka kwenye gari la ng'ombe kule juu Menengai, likateremka peke yake, likapita katikati ya mji askari akilipigia filimbi, likaruka reli, likaingia ziwani kati ya wale ndege heroe, na lilipotolewa halikuwa na spoki hata moja iliyolegea. Mnacheka. Basi punguzeni filimbi mkitaka, punguzeni na heroe, lakini spoki msiziguse. Spoki ni kweli.

Mali ya kuwagombanisha sina. Shamba la Kimilili ni la mama yenu mpaka mwisho wake, na mtu asimwambie ahame eti kwa sababu mume hayuko. Yule ng'ombe mwekundu ni wa Nasimiyu, na ndama wake, nami nasema hivi mbele ya mama yake ili kesho mjomba asije na hadithi. Ndugu yangu Dalmas tuligombana miaka kumi na miwili kwa ajili ya mpaka wa hatua mbili, tukapitana njiani kama watu wasio na lugha. Mwambieni zile hatua mbili achukue. Nilizipima tena Krismasi iliyopita, nikaona kweli ni zake, nikanyamaza. Mnaona ninavyojua kunyamaza? Hilo ndilo jambo nililowaitia.

Joash, mwanangu, keti mahali nitakapokuona. Miaka mitano sasa unabeba magunia kule kwenye kinu cha unga, na mgongo wako umeanza kupinda kabla ya wangu. Juzi Mistri Mohanlal alipokuja kunisalimu ulikuwepo, ukamsikia akisema benchi yangu katika karakana yake itakaa wazi hadi mwisho wa mwezi, kisha ataivunja auze mbao, kwa sababu wanawe wanauza vitambaa na hawataki vumbi. Ukamjibu, "Mistri, mikono yangu haifai." Nilikuwa nimefumba macho, lakini nilisikia, na tangu siku hiyo chakula hakipiti. Watu wanasema ni kifua. Si kifua peke yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi maradhi yangu yana jina lako.

Nianzie mbali kidogo. Nilipoingia kwa Mohanlal, yule fundi mkuu wa Kihindi, nilikuwa kijana nisiyejua randa na patasi. Yeye naye alifundishwa na baba yake, na desturi yao ilikuwa moja: mwanafunzi haulizi. Ukiuliza anakupigia mkono na rula. "Wewe tazama tu. Uliza hapana. Jicho yako kwisha kufa?" Kila kitu ulipewa ukione, isipokuwa kipimo cha mwisho. Siku ya kufunga gurudumu alikutuma kuteka maji, ukirudi kipimo kimeshapita. Miaka tisa niliteka maji, jamani, ningeweza kujaza ziwa lingine. Mwaka wa tisa nikatoboa ndoo kwa msumari, nikarudi mapema kulalamika kwamba inavuja, nikakiona. Nilikiiba kwa jicho. Mistri aliniona nimeona, akacheka, akasema, "Sasa wewe fundi." Hivyo ndivyo kazi ile ilivyorithiwa. Haikutolewa, iliibwa, na aliyeibiwa alifurahi.

Wewe ulipokuja kuniandama karakanani, nilisema nitakulea kwa desturi hiyo hiyo. Ukashika tezo kama mtu aliyezaliwa nalo. Mwaka wa nne Mohanlal akachukua spoki uliyochonga, akaizungusha kwenye mwanga, akaniambia mbele ya watu, "Nikodemo, mtoto yako iko na mkono kushinda wewe." Watu wakapiga makofi. Mama yenu jioni ile alichinja jogoo. Mimi nilikula paja zima na sikusikia ladha yake. Baba mwenye akili hufurahi mwanawe akimpita. Mimi nilijisikia kama mtu aliyesukumwa nje ya nyumba yake na mgeni aliyemkaribisha.

Halafu ukauliza. Unakumbuka? Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Hali ya Hatari, tulikuwa tunaandaa gurudumu la gari la Odero. Vile vipande sita vya mti vinavyofanya duara ulikuwa umevipanga juu ya spoki kumi na mbili, pete ya chuma iko motoni, nyekundu. Ukasema, "Baba, hivi vipande viachane kiasi gani kabla ya kuvalisha pete?" Nikakujibu, "Vigusane. Hata wembe usipite." Ukanitazama, ukasema kwa adabu, "Mbona vyako huwa vinaachana kidogo?" Jicho lako lilikuwa limeshaiba, mwanangu! Ulikuwa mlangoni umeshika komeo. Na mimi nikasema, "Vyangu huachana kwa sababu macho yangu yamezeeka. Wewe bado unaona, fanya vizuri."

Kunyamaza ilikuwa desturi. Kusema uongo haikuwa desturi ya mtu yeyote. Hiyo niliileta mimi.

Nasimiyu, shika neno hili pamoja na kaka yako, ili likae kwenye vichwa viwili. Pete ya chuma ikipoa hubana. Kama vipande vya duara vimeachana kidogo, ule mbano husukuma spoki mpaka ndani ya kitovu, gurudumu zima linakuwa kitu kimoja. Lakini kama vipande tayari vinagusana, mbano wote huishia pale juu, vyenyewe kwa vyenyewe, na spoki chini zinabaki hazikushikwa na kitu. Kwa macho ni gurudumu zuri kuliko yote. Jua likilikausha, linalegea kutoka ndani. Nafasi ni unene wa ukucha wa kidole gumba kwa kila kiungo, na viungo ni sita. Mti ukiwa na unyevu, ongeza kidogo. Kisha gonga kila spoki kwa nyundo: iliyoshikwa hulia kama kengele, isiyoshikwa hukohoa. Hicho ndicho kipimo. Miaka tisa yangu nimekupa kwa pumzi tatu, na mbingu haikuanguka.

Nipeni maji kidogo. Ahsante, mama Joash.

Gurudumu lako lilipendeza. Odero, yule Mjaluo mwendesha gari, mcheshi, alilizunguka mara mbili akasema, "Nikodemo, hili nitalioa, Eucabeth atanisamehe." Akalitia kwenye gari, akabeba nguzo za ua kutoka Gilgil wiki tatu, jua la Februari likiunguza. Safari ya mwisho na mimi nilikuwa naye, nimetoka kumtazamia mzungu mmoja gari lake. Tulipoondoka Gilgil nilitembea upande wa gurudumu lile, nikasikia spoki zikikohoa. Mimi, fundi asiyetokea mwingine, nilisikia tangu hatua ya kwanza. Ningesema, "Odero, simamisha ng'ombe," angesimama. Angeniuliza kwa nini, na ningelazimika kusema kwa nini. Nikajiambia litafika. Nikamsimulia habari za simba niliyemkimbiza kwa nyundo, naye akacheka mpaka akashika tumbo, na tulipoanza kuteremka Kariandusi alikuwa bado anacheka.

Halikuvunjika kwa kishindo. Liliinama tu, kama mtu anayeketi. Gari likalala upande wake, na nguzo zote zikamfuata yeye. Nilizitoa moja moja kwa mikono hii. Alikuwa ameshakwenda kabla sijafika ya tatu.

Mohanlal alikuja na lori, na wewe Joash ukiwa ndani yake. Akaokota kipande cha duara, akatazama kiungo, akaona kimebanana. Akauliza, "Nani tengeneza?" Nikasema, "Joash." Jina lilikuwa la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Mistri alinitazama mimi, Joash, hakukutazama wewe. Alijua. Lakini mtu aliyelelewa kutouliza haulizi hata pale penye maiti.

Tuliporudi karakanani, wewe ulivua aproni yako mwenyewe, ukaikunja, ukaiweka juu ya benchi. Tulipofika nyumbani uliniambia, "Baba, mikono yangu imeua mtu." Nami nikakupiga begani, nikasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Nilimtwika Mungu mzigo wangu, na wewe ukaenda kubeba magunia. Wazee husema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi hata sikula. Nilichuma, nikawaandalia ninyi, nikakaa pembeni nikisimulia habari za heroe.

Usisimame, Joash. Najua unataka kutoka nje. Toka baadaye, utakuwa na maisha yako yote ya kutoka nje. Ukitaka kunitukana, nitukane, mama yako azibe masikio. Hutaki? Basi nitazame. Mikono yako haikuua mtu. Ilifanya sawasawa ilivyoambiwa na baba yake. Ule mdomo uliosema vigusane ndio huu unaokauka sasa.

Sasa maagizo, maana mwanga unanipungukia, au ni dirisha limefungwa? Halijafungwa. Haya.

Joash, chukua tezo, patasi zote saba, na lile gurudumu dogo la kupimia pete. Chini ya kitanda hiki pana kitovu cha mutamaiyo, ule mzeituni wa mwituni, nilichokizika kwenye taka za randa misimu mitatu ya mvua, kimekauka polepole, hakina ufa. Usikiuze. Nenda kwa Mohanlal kabla mwezi haujaisha, keti kwenye benchi yangu, tengeneza gurudumu moja. Najua malori yamekuja, najua mikokoteni sasa inavalishwa mipira ya motokaa, na huenda usiwe na kazi ya kutosha ya kukulisha. Siwezi kukudanganya tena kwamba itakulisha. Lakini kule Molo mvua ikinyesha lori linalala na ng'ombe wanapita, na hata kama litakuwa gurudumu la mwisho nchi hii, na litengenezwe na mtu anayejua, kisha aende zake kwa hiari, si kwa aibu. Na akija mtoto wa mtu yeyote kukuuliza kipimo, mwambie. Mwambie siku ile ile. Asitoboe ndoo ya mtu.

Mnizike Kimilili, upande wa Dalmas, ndani ya zile hatua mbili akikubali. Mbao za jeneza zisiwe za kununua, Joash atazipiga, na viungo... hivyo vya jeneza vigusane, hapo hakuna neno.

Nekoye, umenivumilia. Sina zaidi ya hilo na halitoshi.

Leteni vichwa vyenu. Mate yamekauka, nitapuliza tu. Nasimiyu, uzae, ucheke, usiolewe na mtu anayeogopa kuulizwa. Joash, mikono hii naishika mbele ya mama yako, iwe myepesi, ilipokuwa na damu iwe na mafuta, kila inachofunga kishike. Mungu wa babu zetu, yule wa Elgon, na huyu wa kanisani, wote wawili wawatangulie, wasigombane njiani.

Jambo moja lingine. Mjane wa Odero, Eucabeth, yule anayeuza omena kwenye nyumba za reli. Nilimwendea mwezi uliopita, nilipokuwa bado natembea kwa fimbo. Nilimweleza yote. Akalia, akanishika mkono, akasema, "Mzee, nenda salama, nimekusamehe, na kijana wako mwambie hana deni kwangu." Kwa hiyo hilo limekwisha. Mnaweza...

Hapana. Ngojeni. Msiniinue, niacheni.

Nilikwenda. Hiyo ni kweli, nilifika. Alikuwa anapepeta omena, akanijua, akaniuliza habari za kifua. Nikanunua kopo moja. Akaniongezea konzi juu, akasema mgonjwa ale. Nikasema ahsante. Nikarudi nyumbani.

Hayo ya msamaha nimeyatunga sasa hivi, hapa kitandani. Hajui. Mpaka leo yule mama anadhani ni wewe, Joash... Nendeni mkamwambie. Wote watatu. Msi... msimpambie.