Ndugu Yetu na Tovuti Arobaini na Moja

Kwa miaka kumi na minane ndugu yetu hakunawa uso asubuhi kabla ya kufungua tovuti zote alizozitengeneza, moja baada ya nyingine, kuona kama zinafanya kazi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, macho bado mazito. Ya mwisho ikifunguka alisema, "Wameamka wote," kama mzazi aliyehesabu watoto, ndipo akaenda bafuni.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Juni 1981, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi saa na mshonaji. Mimi ninayesoma haya ni dada yake. Nilimtangulia kwa miaka mitatu.

Alimaliza sekondari mwaka 1999 na kupata stashahada ya kompyuta mwaka 2002. Jumamosi moja mchana mlinzi wa chuo alifunga chumba cha kompyuta bila kujua kwamba marehemu yuko chini ya meza akiunganisha waya. Alipofungua jioni alimkuta ametulia, anaandika.

"We kijana, mbona hukupiga kelele?"

"Mzee, Jumamosi ijayo nifungie tena."

Mwaka 2003 aliajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Machi 2006 aliacha kazi akajiajiri, katika chumba cha ghorofa ya tatu ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta. Mteja wake wa kwanza alikuwa shule ya udereva. Chini kabisa ya tovuti ile, kwa heshima tu, aliandika: "Ikikwama, nipigie," na namba yake. Akaendelea kuandika hivyo katika kila kazi, mpaka tovuti zikafika arobaini na moja. Hakujua alikuwa anajifungia mlango mwenyewe. Msusi alimpigia kwamba pasi ya nywele haipati moto.

"Mama, mimi ni fundi wa tovuti."

"Si umeandika ikikwama nikupigie? Basi imekwama!"

Mwaka 2014 aliifuta namba hiyo kila mahali. Kabla ya saa sita mwenye duka la dawa alikuwa mlangoni akihema kwa ngazi: "Umetutupa?" Jioni namba ilikuwa imerudi.

Tarehe 22 Agosti 2009 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Simu iliita mfukoni mwa msimamizi wake wakati wa kiapo, na bwana harusi akanong'ona, "Mwambie aizime, aiwashe tena." Mkewe alicheka siku ile. Desemba 2016 hakucheka. Walikuwa safarini na watoto kwenda ziwani, likizo yao ya kwanza, tovuti ya kliniki moja ikaanguka. Marehemu alishuka kituo cha pili akapanda basi la kurudi. Mke na watoto waliliona ziwa bila yeye.

Mwezi uliofuata alianza tovuti yake mwenyewe, isiyo na mteja, akaiita Saa Ngapi. Kila Jumapili aliwapigia wakata tiketi wa miji mbalimbali, akaandika mabasi yanaondoka lini, yanasimama wapi, na upande gani wa kukaa usipigwe na jua. Wasafiri wengi walimwandikia kumshukuru. Katika mabasi yote yale hakuwahi kupanda hata moja.

Mei 2023 figo zake zilishindwa. Mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine kwa saa nne, akafanya kazi kwa mkono mmoja.

"Kaka, hapa ni hospitali, si ofisini," muuguzi alimwambia.

"Dada, hata ofisini nilifungwa. Nyinyi angalau mnanipa shuka."

Tulimsihi awakabidhi wenzake zile tovuti, akakataa. Januari mwaka huu mkewe aliweka daftari kitandani. "Baba Watoto, andika maneno yote ya siri. Au unataka tukuulizie kaburini?" Aliandika siku tatu. Mafundi wenzake wawili wakakubali kugawana kazi, ila yeye alitaka aone asubuhi moja ambayo zote zimeamka mikononi mwa wengine, ndipo aziache.

Asubuhi hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025. Vidole vyake havikuwa na nguvu, nikafungua mimi, nikimtajia: shule ya udereva, saluni, duka la dawa. Arobaini zilifunguka. Ya seremala ilikataa. Nilijua nikisema ukweli ataomba kompyuta. Seremala, najua umekaa hapo nyuma, unisamehe. Ilirudi saa nne. Ndugu yetu aliaga dunia saa sita na robo mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Ameacha mama, mke, binti mmoja, mwana mmoja, na mimi. Simu yake tumeizima leo asubuhi. Mwenye shida awatafute mafundi wale wawili. Mungu amlaze mahali asipoitwa na mtu.

"Wameamka wote?" aliniuliza siku ile.

"Wote."

"Na ya mabasi?"

"Hata ya mabasi."

Kisha akasema, "Basi, Dada, niletee maji ninawe uso."