Historia ya Lugembe Kiangazi, Aliyefariki Mara Tatu

Ndugu waombolezaji, mliokaa kwenye mabenchi na mliosimama juani nje ya duka la Idrisa hapa Kanyenye, kwa niaba ya familia, yaani Idrisa Saidi, mchoraji, na Leonia Ngassa, anayeandika maneno yanayotoka midomoni mwa wahusika, inasomwa sasa historia ya marehemu Lugembe, maarufu kama Kiangazi, adui mkuu wa shujaa Mpagazi katika kitabu chetu cha katuni, historia ambayo Leonia ameiandika mwenyewe, tena kwa hasira, maana hii ni mara ya tatu tunaitwa msibani kwa mtu huyu huyu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Julai 2014, ukurasa wa tatu wa toleo la kwanza, akiwa tayari na ndevu, mtoto pekee wa Bi Zabibu wa Usinge, akasoma hadi darasa la sita, alipofukuzwa kwa kukausha mtungi wa maji wa walimu, na elimu yake yote ikaenea kwenye picha moja.

Mwaka 2015 alianza kazi ya ujambazi, akakausha visima vyote vya njia ya zamani ya misafara, kutoka hapa Tabora hadi Ujiji, watu wakafa kwa kiu, na hakuna aliyesimama hapa kulificha hilo.

Alifariki mara ya kwanza tarehe 30 Novemba 2016, katika toleo la tisa, kwa mlipuko, akarudi toleo la kumi na moja akiwa na koti jipya na bila maelezo yoyote, na tarehe 9 Februari 2018 akafunga ndoa na Advera, ambaye Idrisa alimsahau matoleo mawili baadaye, wakajaliwa watoto wawili, au watatu, inategemea umeshika toleo gani. Alifariki tena tarehe 8 Agosti 2019, kwa kutumbukia mtoni, kisha ikadaiwa kwamba aliyekufa ni Kulwa, pacha wake, pacha ambaye hakuwahi kuzaliwa katika toleo lolote.

Mara zote mbili Bi Zabibu alichorwa pembeni mwa ukurasa, khanga kichwani, analia bila kupewa neno hata moja, na mwanawe aliporudi hakuna aliyekumbuka kumwarifu. Leonia alipolisema hilo, Idrisa alimjibu kwamba katuni ndivyo zilivyo, na Ezekia kinyozi, msomaji wetu wa siku nyingi, akaongeza kwamba jambazi halililiwi, linafukiwa tu.

Lakini mwaka 2016, kijijini kwao wilayani Igunga, Leonia alikuwa amemzika kaka yake, aliyeuawa kwa wizi wa ng'ombe, na ng'ombe alikuwa amemwiba kweli, waliofika kuchimba kaburi wakawa wanne, na ilipofika zamu ya kusoma historia ya marehemu hakuinuka mtu, wakamfukia kama alivyosema Ezekia, na mama yao yuko pale anatazama. Kwa hiyo Leonia alitaka marehemu huyu asomewe historia mbele ya watu, kwa kuwa aliyekwisha kusomewa hafufuliwi, na Idrisa alipokataa aligoma kuandika, toleo la thelathini na tisa likatoka wahusika wote wakiwa wamepanua midomo bila neno, ndipo Idrisa akakubali.

Marehemu alianza kuugua kikohozi kikavu toleo la thelathini na nane, akafariki tarehe 15 Machi 2025, katika toleo la arobaini, jeneza lake likabebwa na Mpagazi peke yake, na Bi Zabibu, baada ya miaka kumi, akapewa maneno, akamshukuru Mpagazi kwa kumbeba mwanawe.

Familia inamshukuru Daktari Mwanahawa wa ukurasa wa kumi na nane, aliyempokea mgonjwa akijua ni nani, majirani wa Kanyenye kwa turubai na mabenchi, wafanyakazi wenzake wote, na Ezekia, ambaye amekuja.

Mwisho, Leonia ameomba isomwe na hii, nayo ni fupi: Anton Ngassa alizaliwa Choma tarehe 3 Mei 1988, akasoma hadi darasa la saba, alikuwa mchungaji wa ng'ombe na mwizi, hakuoa, akafariki tarehe 21 Oktoba 2016, ameacha mama na dada mmoja.

Lugembe, pumzika kwa amani, na safari hii, Idrisa akiwa anasikia, upumzike kweli. Anton, umesomewa, pumzika nawe kwa amani.