Mwero Tembo, Karani Aliyeitoza Faini Reli ya Miwa

Marehemu Mwero Tembo alizaliwa Kinango tarehe 9 Machi 1930, mtoto wa pili wa Mzee Tembo na Mama Chiku, wafugaji. Alisomea shule ya misheni, ambako mwandiko wake ulibandikwa ukutani ili wenzake wauige.

Mwaka 1955 alimwoa Mwalimu Kache Kaingu, wakajaliwa watoto watatu. Nyumbani hakugusa chai yake mpaka mkewe ameketi.

Baada ya Uhuru alikuwa karani wa kodi za ardhi, Msambweni. Mwaka 1966 kampuni moja ya reli ya kubebea miwa, upande wa Ramisi, ilichelewa kulipa kodi. Marehemu akaitoza faini kama sheria ilivyotaka. Meneja akamjia.

"Bwana Mwero, si uifute tu?"

"Juzi Bibi Kahaso alichelewa kulipia kiwanja chake, nikamtoza. Nikikufutia wewe, yeye nitamwambia nini?"

Wiki hiyohiyo kampuni ikawakataza akina mama kupanda mabehewa matupu yaliyokuwa yakiwapeleka sokoni bure. Bibi Kahaso, jirani yake, akafika uani amefura.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo sheria yako ina magurudumu? Ilete basi tuipande!"

"Haina, bibi. Lakini mimi nina baiskeli."

Tangu hapo, kila siku ya soko, marehemu aliipakia baiskeli vikapu vyao vya mihogo akaisukuma hadi Msambweni, tai shingoni. "Karani kawa punda!" watu walimcheka, naye akacheka nao. Wengine walinong'ona kwamba aliikomoa kampuni kwa kuwa iliwahi kumnyima kazi. Leo na ijulikane: kazi huko hakupata kuiomba. Mwishowe kampuni ililipa kodi na faini yake, na akina mama wakaruhusiwa tena kupanda.

Mwaka jana alianza kuugua figo. Alitibiwa, akarudi nyumbani, na alfajiri ya tarehe 17 Agosti 1974 akafariki, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mwalimu Kache. Watoto Kalama, Kavumbi na Shutu. Na mdogo wake, Mramba, anayewasomea haya.

Gari la mazishi lina nafasi ya wazee. Bibi Kahaso ameikataa yake. Ameomba aende kwa miguu hadi kaburini, na baiskeli ya marehemu isukumwe kando yake.

Mungu amlaze Mwero wetu kwa amani.