Macho Yangu Mawili Hayakubaliani

Kaeni chini wanangu, Protase zima hiyo simu, na asilie mtu hapa, maana nina habari tamu na pumzi ni chache.

Tangu daktari wa Bukoba anitoe mtoto wa jicho upande wa kushoto, wa kulia ukiachwa usubiri moyo upate nguvu ambazo haukupata, naamka kila siku kama mtoto asubuhi ya Krismasi. Nikitazama kwa hili la kulia, shuka ni rangi ya chai. Nikitazama kwa la kushoto, shuka jeupe, na mbingu ya hapa kwetu Buganguzi ina buluu ya kunipigisha vigelegele! Shuka ni lile lile, bibi ni yule yule. Sasa jicho lipi mwongo? Eti mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nimeambiwa uzeeni.

Ndipo nikamfikiria Rwekaza huyu. Protase, miaka yote unamwita mdogo wako mvivu kwa sababu anachuma kahawa mbichi pamoja na mbivu, na juzi ulisema mbele ya ukoo asipewe kibanja, shamba hili la baba yenu. Nilimpeleka kwa daktari yule yule, akamfungulia picha za vidoadoa vya rangi vinavyoficha tarakimu: tarakimu niliyoiona mimi kikongwe, yeye hakuiona. Kwake nyekundu na kijani ni mapacha. Alikuwa anakwambia anachokiona, nawe unamcheka. Shuleni walitufundisha majina ya rangi kwa fimbo, lakini hakuna mwalimu aliyeingia ndani ya jicho la mtoto akakagua. Hata nyekundu yako, Protase, nani anaijua? Huenda ndiyo buluu yangu! Msinichekeshe, nitakohoa.

Basi, kibanja kigawanywe kwenye omulamula, mti wa mpaka alioupanda baba yenu: upande wa barabara wa Protase, upande wa nyumba wa Rwekaza. Nakusikia, Protase, unaniita mama kwa Kihaya, "Mawe, lakini..." Hakuna lakini. Rwekaza, tunda la kahawa usilitazame, liminye; lililoiva hulegea. Protase, siku ya kuchuma vuka mpaka ukamwazime macho, naye akuazime vidole, maana vyako ni kwato.

Sogeeni... niwashike vichwa. Mungu awape mashamba yenye kivuli, na kila mmoja amuulize mwenzake anaona nini kabla hajamtukana.

Nikinyamaza, nifumbeni la kulia kwanza, hilo limeshiba. La kushoto... ngojeni kidogo. Bado linatazama.