Chumvi Niliyotia kwa Wivu

Namshukuru Yesu aliyenipa ujasiri wa kusimama mbele yenu, wapendwa wa Ipagala! Leo nasema niliyoyaficha.

Ndugu zangu, mnamjua mume wangu, mwalimu wa kwaya. Biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa, nilipika nyama ya mafuta na maandazi kila siku, nikifidia ile miaka ya uhaba na foleni. Kisha akapata kiharusi kidogo. Mkono uliopooza ulirudi kufanya kazi, lakini akasahau hata nyimbo alizotunga mwenyewe. Daktari alitueleza kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imekuwa myembamba. Tupunguze chumvi na mafuta, ale mboga na nafaka isiyokobolewa.

Dada yake, wifi Yudithi, akaja kutoka Buigiri kunisaidia. Akampikia ugali wa uwele, mlenda na kunde. Baada ya miezi kadhaa mume wangu akaanza kukumbuka beti. Ilinipasa kushukuru! Lakini kila mgeni alimsifu Yudithi, na mume wangu akiketi kula aliuliza nani kapika. Nikisema mimi, alisogeza sahani kando. Ndugu zangu, wivu ulinitafuna. Nilitaka apone, ila apone kwa mkono wangu.

Basi wifi akienda kuchota maji, nilifunua chungu chake nikatia chumvi na mafuta, ili chakula chake kionekane hakisaidii kitu. Wiki zikapita, presha ikapanda. Asubuhi moja nilimpelekea uji. Akanitazama kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama."

Mume wangu wa ndoa ya miaka ishirini na sita!

Nilipiga magoti uani, kwenye vumbi. Maombi hayakuja, nilisema tu, Yesu, ni mimi niliyefanya. Nikaingia jikoni nikamwambia wifi yote. Aliacha mwiko, ugali ukaanza kuungua. Nilidhani atafunga mizigo yake.

Akasema, "Wifi, hata mimi nilikuwa nafurahi akikataa chakula chako."

Tulilia sote wawili. Tangu siku hiyo tunapika pamoja, na nyumba nzima tunakula chungu kimoja.

Sisemi amepona kabisa. Siku nyingine anapotea katikati ya maneno. Lakini presha imetulia, na ananiita kwa jina langu. Wivu nao ukinichungulia tena, namwambia wifi siku hiyo hiyo.

Ndugu yangu unayemwonea mtu kijicho ndani ya nyumba yako, mwambie Yesu leo, kisha umwambie na mtu huyo. Mimi Yesu hakunitupa.

Wifi Yudithi, simama basi, watu wakuone.