Ukuta wa Dakika Umelowa Tena

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea ukuta wa nyumba ya fundi saa, pale barabara inapoanza kuteremka. Kwa sababu ya mteremko, nyumba hiyo ina chumba kilichozama nusu ardhini, chenye mlango wake upande wa nyuma, bila ngazi hata moja. Hicho ndicho fundi saa, ambaye kijiweni wanamwita Dakika, alichomwandalia mama yake mzazi, mwenye magoti yasiyotaka ngazi na kifua kisichotaka unyevu. Mama alitarajiwa keshokutwa. Asubuhi hiyo Dakika aliteremka, akakuta rangi aliyopaka juzi, ya tatu mwaka huu, imevimba na kubanduka kama maganda ya kitunguu. Alipofika kwenye benchi, kwa Mama Buli muuza kahawa, uso wake ulisema kabla ya mdomo.

— Umelowa tena? akauliza kinyozi, anayeitwa Daktari kwa sababu hanyoi kichwa bila kukitafutia ugonjwa.

— Chapachapa. Na dirisha nimeliacha wazi wiki nzima.

— Hilo ni jasho. Ukuta una homa. Umefungiwa peke yake huko chini, hauna wa kuusemesha.

— Mwache huyo, akadakia Injinia, ambaye zamani alishika futi kamba kwenye ujenzi wa daraja, akarudi na cheo. Chini ya nyumba yako kuna mto, kaka. Unahama kidogo kidogo. Mimi nausikia kwa nyayo.

— Kwa viatu hivyo? Mama Buli akacheka.

— Mbona mimi ninayelala juu yake siusikii? akauliza Dakika.

— Wewe una saa arobaini zinagonga ndani, utasikia nini?

Wakacheka wote. Dakika naye akacheka, ila moyoni alikuwa anasikia kile kikohozi cha mama kwenye simu.

— Tatizo ni mwezi, Daktari akaendelea. Si unavuta bahari? Basi na kuta unazivuta. Ngoja mwezi uishe, rangi itashika.

— Utaisha lini?

— Wiki mbili hivi.

— Mama anakuja keshokutwa, ndugu yangu!

— Basi tuvunje sakafu, akasema Injinia, tuufungue ule mto. Liwe bwawa la samaki. Mama atavua akiwa kitandani.

— Nani avue?

Wakageuka. Mama mtu mzima alikuwa amesimama nyuma yao na begi lake, akiwasikiliza, siku mbili kabla ya siku yake.

— Mama! Dakika akaruka kumpokea.

— Ningengoja keshokutwa, ungeipaka rangi mpaka barabara.

— Shikamoo, mama, wakasema wote kwa mpigo, wakibanana kumpisha.

— Marahaba, wanangu.

Mama Buli akamsuuzia kikombe, kisha, kama kawaida yake, akamwaga beseni zima nyuma ya benchi, kwenye shina la ukuta. Mama akayatazama maji yale yakipotea.

— Mwanangu, unamwaga hapo kila siku?

— Kila siku, mama. Ndoo nne, tano. Panakunywa vizuri mahali hapa! Hapajawahi kufanya tope.

Dakika akainama, akatazama pale ukuta unapoingia ardhini. Chini yake hasa ndipo alipokiweka kitanda, upande wa kichwa. Miaka minane alikuwa ameegemea hapohapo, akiomba aongezwe kahawa. Injinia alizitazama nyayo zake. Daktari, kwa mara ya kwanza, hakuona ugonjwa wowote.

— Mpaka pakauke, nitalala juu, akasema mama. Ngazi mtanipandisha nyinyi. Mwenye mto atashika huku, mwenye mwezi atashika kule.

— Sawa, mama, wakajibu kwa sauti ndogo.

Mama Buli alikuwa ameshasuuza vikombe vingine. Beseni limejaa, kalishika mikononi.

— Sasa haya nimwage wapi?

Wakatazama ng'ambo ya barabara. Ukuta uliokuwapo ni mmoja tu, wa kibanda cha Daktari cha kunyolea.

Daktari akaanza kukohoa.