Sufuria Iliyonifuata hadi Darasani

Mwaka niliofika Mbale ni ule watu walipokula malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, bila karanga wala chumvi. Machungu kama nyongo. Tukameza.

Ndugu zangu, mimi sikusoma, nitasema ninavyojua. Nilikuwa na nyumba Mpumudde, kule Jinja. Mume wangu alikuwa fundi bati. Wakaja wenye bunduki, na nyuma yao wenye magunia. Wakabeba godoro, mlango, hata mchi. Wakambeba na mume wangu. Hakurudi. Nikaondoka na leso ya mwilini, na hapa Mbale, mtaani Malukhu, mama mmoja asiyenijua akanipa kona ya kulala.

Vita vilipotulia, shule ilifunguliwa haina hata kikombe. Mwalimu akanijia: "Mama, nasikia unajua bati. Njoo ufundishe watoto, waokote takataka watengeneze vitu." Nikacheka. Mimi, nisiyejua kushika kalamu? Lakini nilienda. Kopo la mafuta likawa taa, tairi likawa ndala. Nawaambia, watoto waliniheshimu kuliko mwalimu mkuu!

Siku moja nikasema kila mtu alete chombo kibovu cha kwao. Binti mmoja akaleta sufuria iliyotoboka. Nikaigeuza.

Wanawake, mnajua: sufuria huenda matangani, huenda arusini, kwa hiyo mwenyewe huweka alama chini. Yangu mume wangu aliigonga kwa msumari: mwezi na nyota mbili, moja imepinda. Sasa nimeishika! Nilipiga yowe, nyundo ikaniponyoka. "Hii yangu! Ilitoka nyumbani siku waliyomchukua mume wangu!"

Afande wa kizuizi cha barabarani, kilichokuwa karibu na shule, akasikia yowe, akaingia mbio.

"Nani naleta hii?"

Binti akaganda. Mkojo ukamtiririka miguuni. Baba yake aliiba? Alinunua sokoni? Mpaka leo sijui. Lakini jinsi mtu anavyochukuliwa asirudi, hilo nalijua. Nikamjibu afande:

"Jina sikupi, hata unikate shingo."

"Basi mwizi ni wewe!"

"Mwizi wa sufuria yangu mwenyewe? Afande, hata mbuzi watakucheka."

Mtoto mmoja akacheka kweli. Jamani! Kitako cha bunduki kikanipata kifuani, nikaanguka juu ya makopo. Nikainuka, nikamwambia maneno yale yale. Akanitazama, akatema mate, akaenda zake.

Nikamwita binti. "Lete msumari. Tundu moja ni ubovu. Matundu mengi, ukiyapanga, ni chujio." Tukatoboa, yeye analia, mimi nalia. Chujio hilo liliosha maharagwe ya shule mpaka likachakaa.

Namshukuru mama aliyenilaza. Namshukuru mwalimu aliyenipa nyundo, na watoto wale ambao hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole. Leo nina mjukuu injinia, lakini koleo la kwanza alishikishwa na mimi! Hata hivyo nikiona sufuria imepinduliwa kitako juu, bado huinama nitafute alama.

Ninachowaachia ni hiki: kabla hujatupa kitu, kigeuze kwanza. Na mtoto usimtupe kwa mzigo aliobeba baba yake.

Mbona mnatazamana? Na wewe dada wa hapo mbele, nimekusikia ukininong'oneza kama bibi yako, "Jajja, binti yule alikuwa nani?"

Jina sikupi, hata unikate shingo.